Kitabu gani kiingie nyumbani mwetu?

Mgeni afikapo mlangoni hupiga hodi. Mwenye nyumba hutoka, humtazama usoni, humwuliza atokako na aendako, ndipo amkaribishe na kumpa kiti. Riwaya haifanyi hivyo. Huingia mfukoni mwa mtoto atokapo shuleni, hukaa nyumbani juma zima au mwezi mzima, na usiku, wazazi wakiisha kulala, huzungumza na mtoto yule peke yake. Hakuna mgeni mwingine tunayempa ruhusa ya namna hiyo. Kwa hiyo si jambo dogo kuuliza: Ni nani aliyetuletea kitabu hiki, na kwa nini alichagua hiki asichague kile?

Wasomaji wapenzi, sisi tunaowaandikia ni watu wawili, mume na mke, wazaliwa wa Katanga. Twakaa Bruxelles, katika Ubelgiji, tangu miaka mingi, na watoto wetu watatu wamezaliwa huku. Kando ya njia tuipitayo kila siku liko duka dogo la vitabu. Si la kampuni kubwa yenye matawi katika kila mji. Lina mwenyewe, naye yumo dukani kila siku, pamoja na watumishi watatu. Watu hao wanne husoma riwaya mpya, kisha huwashauri wateja. Tumependa kuwaeleza jinsi kazi hiyo inavyofanyika, na vitabu tulivyovipata kwa njia hiyo, na jinsi kimoja chao kilivyofungua nyumbani mwetu neno lililokuwa limefungwa zaidi ya miaka thelathini.

Wingi wa vitabu

Katika Ufaransa, na katika Ubelgiji ya wasemao Kifaransa, riwaya mpya hutoka kwa wingi tangu mwisho wa Agosti, wakati watoto wanaporudi shuleni. Mwaka 2024 zilihesabiwa riwaya mpya 459 katika majira hayo peke yake. Mtu asomaye riwaya moja kila juma angehitaji karibu miaka tisa kuzimaliza. Na hata kabla hajasoma ya sitini, majira mengine yangekuwa yamefika na mamia mengine.

Wazee walisema: Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Neno hilo ni kweli kwa samaki na kwa kitambaa, maana samaki waweza kumnusa, na kitambaa waweza kukishika na kukivuta. Lakini kitabu kimefungwa. Jalada la kitabu kibaya laweza kung'aa kuliko la kitabu chema, na maneno ya sifa yaliyopigwa chapa nyuma yake yameandikwa na wale wale wanaokiuza. Kitabu kizuri kabisa chaweza kukaa dukani miezi michache, pasipo mtu hata mmoja kukifungua, kisha kikarudishwa ndani ya sanduku kwa kampuni iliyokichapa. Ndiyo desturi ya biashara hiyo: duka hupokea vitabu vipya, na visivyopata mnunuzi hurudi vilikotoka. Basi kitabu kama hicho chahitaji mtu wa kukisemea.

Karatasi ndogo chini ya kitabu

Mwenye kuingia katika duka tunalolisema ataona kwamba chini ya vitabu vingine imebandikwa karatasi ndogo, yapata ukubwa wa kiganja, iliyoandikwa kwa mkono. Ina mistari minne au mitano, na chini yake jina la mtumishi aliyeiandika. Karatasi hiyo haisimulii hadithi yote. Yasema kwa ufupi kitabu chahusu nini, kimemgusa msomaji wake mahali gani, na chamfaa mtu wa namna gani. Mtumishi mmoja huandika kwa herufi zilizolala kama majani penye upepo. Mwingine hupigia mstari kila neno la tatu. Baada ya miezi michache tuliwajua wote wanne kwa mwandiko wao. Tulijua kwamba yule mzee apenda hadithi za bahari na za vita, na kwamba akisifu riwaya ya mapenzi, sharti iwe nzuri sana.

Tuliwauliza wapata wapi nafasi ya kusoma vitabu ambavyo havijatoka bado. Wakatueleza kwamba makampuni ya kuchapisha huwapelekea nakala za kwanza miezi kadhaa kabla, zisizo na jalada zuri, nyingine zikiwa bado na makosa ya chapa. Hizo huzisoma jioni nyumbani, ndani ya gari la abiria na wakati wa likizo yao, wala hawalipwi kwa saa hizo. Vingi huviacha katikati. Kisha hukutana na kubishana. Katika Ufaransa wauza vitabu hutoa hata tuzo yao wenyewe tangu mwaka 1955, nayo huitwa Prix des libraires. Twaona basi kwamba kazi hiyo ya kuchagua si mchezo ulioanza jana.

Meza inayolipiwa

Msomaji aweza kusema: Hata maduka makubwa yana meza za vitabu vinavyosifiwa. Ndivyo, lakini yafaa kujua ni nani aliyekiweka kitabu juu ya meza. Katika maduka makubwa ya Uingereza na Marekani ilikuwa desturi kwa miaka mingi kwamba kampuni ya kuchapisha hulipa fedha ili kitabu chake kikae mezani karibu na mlango, au dirishani. Mteja alidhani ameonyeshwa kitabu kilicho bora, kumbe ameonyeshwa kitabu kilicholipiwa mahali.

Bwana James Daunt, aliyefungua duka lake la vitabu mjini London mwaka 1990, alikabidhiwa mwaka 2011 uongozi wa Waterstones, ukoo mkubwa wa maduka ya vitabu katika Uingereza, ambao wakati ule ulikuwa katika hali mbaya. Moja la mambo aliyoyafanya mapema ni kukataa fedha hizo za meza, na kuwaachia watumishi wa kila duka wachague wenyewe vitabu vya kuonyesha. Wengi walimwona kama mtu atupaye fedha mtoni. Lakini maduka yale yalipona, na mwaka 2019 aliitwa kuongoza pia maduka ya Barnes & Noble katika Marekani, akapeleka huko njia ile ile. Hivyo jambo la duka dogo likafundisha maduka makubwa.

Lipo neno lingine linalosaidia maduka madogo huku kwetu. Sheria ya Ufaransa ya tarehe 10 Agosti 1981 iliamuru kwamba kitabu kipya kiuzwe kwa bei moja kila mahali, wala muuzaji asipunguze zaidi ya asilimia tano. Ubelgiji nayo ilifuata njia hiyo miaka mingi baadaye. Kwa hiyo tajiri hawezi kumwua mdogo kwa kushusha bei. Sharti washindane kwa namna ya kumhudumia mteja. Ndiyo maana ushauri una thamani.

Maswali matatu

Mwaka 2023 mwana wetu wa kiume alikuwa na miaka 14. Alikuwa ameacha kabisa kusoma. Vitabu vya shule alivifungua kama mtu anywaye dawa, na jioni zote macho yake yalikuwa juu ya simu. Tukaenda dukani, tukamweleza dada mmoja shida yetu. Tulidhani atatupa mara moja kitabu cha bei kubwa. Yeye alituuliza maswali matatu. Kitabu gani ambacho mtoto alikisoma mpaka mwisho pasipo kulazimishwa? Kipi alichokitupa, na alikitupa kwenye ukurasa gani? Je, nyumbani mwenu husimuliana habari gani mezani?

Swali la tatu lilitufanya tutazamane. Tukamjibu kwamba twazungumza habari za kazi, za shule na za bei ya vitu. Akaandika kitu kidogo katika daftari lake, asiseme neno.

Sisi wenyewe tulikuwa tumeona rafuni Tram 83, riwaya ya mwaka 2014 ya Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa Lubumbashi. Tulitaka kuinunua kwa ajili ya mtoto, kwa sababu mwandishi ni wa mji wetu. Yule dada akatuzuia. Alisema kwamba ni kazi ya nguvu, yenye mlio kama wa muziki wa jazz, lakini karibu yote hukaa ndani ya baa ya usiku katika mji wa machimbo, kati ya walevi, wachimbaji na wasichana wanaojiuza. Mtoto asiyesoma atachoshwa na mtindo wake, akabaki na uchafu peke yake. Akatushauri tuisome sisi, wakubwa, naye mtoto aingojee. Hivyo alikataa fedha iliyokuwa tayari mkononi mwetu. Tuliisoma baadaye. Mji ule haukutajwa jina, lakini sisi wa Katanga tulinusa vumbi lake mara moja, na tuliona kwamba dada yule alikuwa amesema kweli katika mambo yote mawili, katika sifa na katika onyo.

Kwa mtoto alitoa Petit Pays, riwaya ya Gaël Faye iliyotoka mwaka 2016, katika chapa ndogo ya bei nafuu. Mwaka ule ule ilikuwa imepata Goncourt des lycéens, tuzo inayotolewa na wanafunzi wa shule za sekondari baada ya kusoma na kujadiliana. Yasimulia habari za Gabriel, mtoto wa Bujumbura, ambaye baba yake ni Mfaransa na mama yake ni Mnyarwanda. Mwanzoni ni hadithi ya watoto wanaoiba maembe na kucheza kijiani mwao. Kisha waja uchaguzi wa mwaka 1993, na kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye katika Oktoba ya mwaka huo, halafu mauaji ya Rwanda ya mwaka 1994, na vita vyaingia hata katika kijia kile. Yule dada alituomba tusome sisi kwanza sehemu ya mwisho, kwa maana ina kurasa nzito sana.

Katika riwaya hiyo yumo mama mmoja mzee wa Kigiriki, Madame Economopoulos, jirani wa Gabriel. Nyumba yake imejaa vitabu. Wakati mji unapoharibika, humkopesha mtoto yule kitabu kimoja baada ya kingine, kisha humwuliza ameona nini ndani yake. Mwana wetu alikimaliza kitabu kwa siku nne. Siku ya tano alikwenda dukani peke yake, akamwambia yule dada kwamba yeye ndiye Madame Economopoulos. Dada alicheka, lakini mwenye duka alitusimulia kwamba baadaye alijifuta machozi nyuma ya masanduku.

Kitabu kilichouliza

Sasa twafika penye neno zito. Katika majira ya mwaka 2024 Gaël Faye alitoa riwaya yake ya pili, Jacaranda, ambayo katika Novemba ilipewa tuzo ya Renaudot. Karatasi ndogo chini yake ilisema kwamba kitabu kile ni cha kila mtu aliyemwuliza mzazi wake jambo, naye mzazi akageuza uso.

Mwenye kusimulia ni Milan, kijana wa Versailles. Mama yake, Venancia, ni Mnyarwanda, lakini hamwambii mwanawe hata neno moja juu ya nchi yake wala ndugu zake. Mwaka 1994 mtoto huona vita vya Rwanda katika televisheni, na huko jikoni mama yake yu kimya. Kisha aletwa nyumbani mtoto mwingine, Claude, mwenye jeraha kichwani. Miaka inapita, Milan aenda Rwanda mara kwa mara, na kwa kuwasikiliza watu wa vizazi vinne ajifunza polepole yale ambayo mama yake hakuweza kuyasema.

Sisi tuliisoma karatasi ile, tukapita. Mmoja wetu alisema kwamba habari za Rwanda tumezisoma za kutosha. Mwingine alisema kwamba bei ya kitabu kipya ni kubwa. Lakini binti yetu, aliyekuwa na miaka 16, alikinunua kwa fedha yake aliyoipata kwa kulea watoto wa jirani. Alikisoma, akampa kaka yake, naye akakisoma. Jumapili moja, baada ya chakula, binti akatuuliza kwa heshima: Baba, Mama, mbona hatujaona hata siku moja picha ya babu na bibi wa pande zote mbili wakiwa pamoja?

Hapa sharti tueleze. Mmoja wetu ni mtoto wa watu wa Kasai waliohamia Likasi tangu zamani kwa ajili ya kazi. Alizaliwa huko Likasi, wala hakujua kwao kwingine. Mwingine ni mtoto wa wenyeji wa Katanga. Katika mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga kwa maelfu mengi. Yule wa kwanza alikuwa na miaka kumi na mitano. Pamoja na wazazi wake alilala majuma mengi penye stesheni ya Likasi, akingojea gari la moshi la kwenda Kasai, nchi asiyowahi kuiona. Mdogo wake wa kike alifariki pale kwa ugonjwa wa kuhara, akazikwa haraka. Naye yule mwingine, akiwa mtoto katika mji ule ule, alimwona mjomba wake akiingia kukaa katika nyumba ya jirani aliyeondoka. Vyungu vilikuwa bado jikoni.

Tulikutana miaka mingi baadaye, huku Ulaya, tukapendana, tukaoana. Tulipatana kwamba mambo yale yameisha, na kwamba watoto wetu watakuwa watu wa Lubumbashi tu, mji ambao hatukuzaliwa sote. Wazee wa pande mbili hawakuja arusini, sababu zikatajwa nyingine. Hivyo ndivyo tulivyokaa.

Swali la binti lilipotoka hatukuweza kujibu siku ile. Tulijibu jioni ya pili, na ya tatu, na ya nne. Alianza yule wa Kasai. Yule mwingine alisimulia habari za vyungu jioni ya nne, na mwenzake wa ndoa alikuwa akizisikia kwa mara ya kwanza, kwa maana hata sisi kwa sisi tulikuwa hatujaambiana. Mwana wetu aliuliza jina la yule shangazi mdogo aliyefariki. Tukamtajia. Aliliandika katika ukurasa wa mwisho wa Jacaranda, mahali penye nafasi nyeupe.

Msidhani kwamba baada ya hapo mambo yote yalinyoka. Mzee mmoja tulipompigia simu alikasirika, akasema waliokufa waachwe walale, kisha akakata. Mwingine alilia, akasema amengoja kuulizwa. Juu ya mtoto wetu wa tatu, mwenye miaka 11, hatujapatana bado. Mmoja wetu asema asikie sasa, kutoka midomoni mwetu, kabla hajasikia kwa wengine. Mwingine asema aachiwe utoto wake kwanza. Kila mmoja ana haki upande wake.

Mipaka ya ushauri

Tumefikiri sana juu ya karatasi ile ndogo. Aliyeiandika hakujua Likasi, wala hakutujua sisi vya kutosha. Aliandika kwa ajili ya watu wote, na maneno yake yalitupata sisi. Kwa hiyo mzazi asimwachie muuza vitabu kazi iliyo yake. Mshauri aweza kusema kitabu ni chema, tena kweli ni chema, lakini ni mzazi anayejua ni nini kimelala ndani ya nyumba. Kitabu kinachosomwa na mtoto na kisomwe na mzazi, wala si kwa kumpeleleza mtoto, bali ili atakapouliza apate wa kumjibu.

Wengine husema: Mshauri huyu ni mfanyabiashara, ushauri wake ni mtego. Twajibu kwamba ni kweli anataka kuuza, naye hafichi. Lakini tajiri wa meza inayolipiwa hanijui na hatanikuta tena; huyu wa duka dogo atanikuta kesho njiani. Akinidanganya mara mbili sitarudi. Hofu hiyo humfanya awe mwangalifu, kama mama auzaye ndizi mtaani kwake mwenyewe.

Upungufu mwingine twauona sisi Waafrika zaidi. Meza za huku zimejaa vitabu vilivyochapwa Paris. Vilivyochapwa kwetu havifiki. Yule mzee wa duka alitusifia Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 2021, akatupa kwa Kifaransa riwaya yake ya mwaka 1994 iitwayo kwa Kiingereza Paradise. Ni habari za Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili, ambaye baba yake amtoa kwa mfanyabiashara aitwaye Aziz ili kulipa deni, naye mtoto adhani aenda kutembea kwa mjomba wake. Hufuata misafara ya biashara mpaka bara, kuelekea nchi zetu za maziwa. Mzee alijua yote hayo. Lakini hakujua kwamba riwaya ile imefasiriwa kwa Kiswahili na Bibi Ida Hadjivayanis, ikachapwa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam, mwaka 2022, kwa jina la Peponi. Ndugu mmoja aliyesafiri alituletea nakala. Tulimwonyesha yule mzee, akaishika kwa mikono miwili kama mtu ashikaye mkate wa moto, akaomba tumsomee ukurasa mmoja kwa sauti. Neno hata moja hakulifahamu. Alisikiliza mpaka mwisho.

Kazi ambayo kila jamaa yaweza kuifanya

Mahali pengi katika Kongo hakuna duka la namna hii. Vitabu huuzwa vimetandazwa chini kando ya njia, vilivyotumika, visivyo na jalada, na mara nyingi muuzaji hakuvisoma. Hata hivyo kazi ya ile karatasi ndogo haihitaji duka. Yahitaji mtu aliyesoma, kalamu, na ukweli.

Mwalimu aweza kuweka karatasi ndani ya kila kitabu cha kabati ya shule, na wanafunzi waandike humo. Mama aliyemaliza riwaya na kuikopesha kwa jirani aweza kutia ndani mistari mitatu. Mstari wa kwanza useme kitabu chahusu nini, pasipo kufichua mwisho. Wa pili useme chamfaa nani, na nani akingojee kwanza. Wa tatu useme ukurasa ambao msomaji alisimama, akatazama dirishani. Kisha aweke jina lake, kwa maana sifa isiyo na jina ni kama fedha isiyo na picha: hakuna ajuaye nani aliitoa. Wala asisifu asichokipenda ili kumpendeza mtu. Msomaji aliyedanganywa na sifa moja ya bure atashuku sifa ishirini za kweli.

Nyumbani mwetu tumeanza desturi hiyo. Mwaka 2025 Gurnah alitoa riwaya mpya kwa Kiingereza, Theft, yenye habari za vijana watatu wa Tanzania, Karim, Fauzia na Badar. Badar ni mtumishi wa nyumba ambaye siku moja ashtakiwa kwamba ameiba. Binti yetu, ajifunzaye Kiingereza shuleni, ndiye pekee kati yetu aliyeisoma. Karatasi yake imo ndani ya kitabu, kwa Kiswahili, na makosa yake mawili hatukuyasahihisha. Ameandika kwamba ni hadithi ya polepole, asiyependa kungoja asianze. Ameandika kwamba yamfaa mtu yeyote aliyelelewa katika nyumba isiyo yake. Na chini, mahali pa jina la mtu anayeshauriwa, ameandika: Kwa babu wa Likasi, nitakapomtafsiria.